Matembezi mepesi ya Mrima: kwa miguu hadi Kaole, Pugu na Kunduchi

Wakazi wengi wa Dar es Salaam wakisikia habari ya kutembea nje ya mji hufikiria Kilimanjaro, Uluguru au Udzungwa, yaani safari ya viatu vizito, mabegi ya mgongoni na siku kadhaa za likizo. Mimi nazungumzia jambo jingine: mwendo wa saa mbili au tatu kwenye ardhi tambarare au yenye vilima vidogo, katikati ya minazi, mikorosho na mashamba ya mihogo, kuelekea mahali penye historia, kwa hatua ambazo bibi mwenye maumivu ya magoti na mtoto wa darasa la pili wanazimudu wote wawili. Pwani ya Mrima, yaani ukanda wa bara unaotazamana na Unguja, ina njia nyingi za namna hiyo, na zile ninazozipenda zaidi ziko karibu na jiji kiasi kwamba mtu anaweza kutoka nyumbani baada ya sala ya alfajiri na kurudi kabla ya magharibi.

Nina msimamo mmoja kuhusu matembezi haya, nao ndio ulionifanya niandike. Mahali pa kale pasifikiwe kwa gari hadi mlangoni ikiwa ipo njia ya miguu ya kufika hapo. Magofu yanayotazamwa kwa dakika chache, kati ya kushuka kwenye bodaboda na kupanda tena, hubaki kuwa mawe tu. Yakifikiwa polepole, baada ya mtu kuona udongo, maji, miti na kazi za wenyeji, huanza kueleza kwa nini watu walijenga pale na kwa nini baadaye waliondoka.

Mfano bora wa jambo hilo ni njia ya kutoka Bagamoyo kwenda Kaole, ambayo kwangu ndiyo tamu kuliko zote. Basi la Bagamoyo hupita Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege na Zinga, na anayeshuka mjini anaweza kufika Kaole kwa mwendo wa kilomita zipatazo 5 kuelekea kusini. Njia hupita upande wa TaSUBa, chuo cha sanaa ambacho wakati wa masomo ngoma zake husikika kabla majengo yake hayajaonekana, kisha nyumba hupungua na mashamba huanza. Ardhi ni ya mchanga na haina mlima. Kivuli cha minazi ni chembamba, lakini miembe na mikorosho hutoa kivuli kizito, na chini yake mara nyingi hukaa watu wanaomenya mihogo, wanaosuka makuti au wanaosubiri tu jua lipungue makali. Hapo ndipo matembezi yanapojenga heshima yake. Ukimpita mzee bila kumwamkia, umepita kama gari lipitavyo. Ukisema shikamoo na kusimama kidogo, utaulizwa unatoka wapi, unakwenda wapi, na kwa nini hukupanda pikipiki. Mzee mmoja aliyekuwa akifua nazi kwa kifuo aliitikia shikamoo yangu, akanitazama miguuni, akasema, «Kwa miguu ndivyo tulivyokuwa tukienda Kaole sisi wote, mwanangu. Pita kwa huku, upande ule kuna maji.» Upande ule kweli kulikuwa na maji, kwa sababu bahari ilikuwa imejaa na mkono mmoja wa bahari ulikuwa umeingia hadi ndani ya mikoko.

Mikoko hiyo ni muhimu sana, na asiyeiona kabla ya kufika kwenye magofu atakosa nusu ya habari. Kaole ilikuwa mji wa bandari. Msikiti wake wa zamani zaidi unahesabiwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi yake yanaonyesha kwamba palikuwa na watu wenye mali na wenye uhusiano na ng'ambo ya bahari. Leo hii, mtu akisimama kati ya kuta hizo haoni bahari. Anaona majani. Mchanga na tope vilijaa polepole kwenye maji ya bandari, mikoko ikaota juu ya tope hilo, mizizi yake ikashika tope zaidi, na jahazi likakosa mahali pa kutia nanga. Biashara ikahamia Bagamoyo, kilomita chache tu kaskazini, na Kaole ikabaki na wafu wake. Mtu aliyetembea anakuwa amekwisha kuupima umbali huo kwa miguu yake mwenyewe na anafahamu jinsi ulivyo mdogo: mji mmoja ulizimika na mwingine ukawaka ndani ya mwendo wa asubuhi moja.

Ndani ya eneo la magofu ningependa mgeni asiharakishe. Kuta zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ilitokana na matumbawe hayohayo, yaliyochomwa juu ya rundo la magogo hadi yakageuka unga mweupe. Kibla ya msikiti bado inasomeka, kisima kipo, na mahali pa kutawadhia panatambulikana. Kisha kuna makaburi ya nguzo, ambayo ni alama ya miji ya kale ya Waswahili kuanzia Somalia hadi pwani yetu. Simama karibu na nguzo moja, karibu kiasi cha kuona alama za mwiko kwenye lipu, halafu inua macho. Utaona vishimo vya duara, vyenye ukubwa wa bakuli la uji, vilivyochongwa kwa uangalifu kwenye uso wa nguzo. Humo ndimo mlimokuwa na mabakuli ya kauri kutoka China, yaliyopachikwa ili yang'ae juani na kuwaambia wapitao kwamba aliyelala hapa hakuwa mtu mdogo. Mabakuli hayapo tena, lakini ukingo wa chokaa uliokuwa ukiyashika bado una umbo lake, na mtu akiutazama kwa muda anaweza kumfikiria fundi aliyesimama juu ya jukwaa la miti akilisukuma bakuli taratibu kwa kiganja mpaka likakaa sawa.

Mwanaakiolojia Neville Chittick ndiye aliyechimba na kusafisha eneo hili mwaka 1958, na mengi yanayosimuliwa na waongozaji wa pale yanatokana na kazi hiyo pamoja na masimulizi ya wenyeji. Mambo hayo mawili yapewe heshima zao. Kaburi moja linalohusishwa na sharifa bado hutembelewa na watu wanaokuja kuomba dua. Mgeni akikuta ubani umefukizwa au kitambaa kimewekwa, apite kwa adabu, asipige picha za waombaji, na asikae juu ya kaburi lolote hata kama linafanana na benchi. Ninalisema hili kwa uchungu, kwa sababu nimeona vijana waliovaa vizuri na wenye simu nzuri wamepanda juu ya kaburi ili kupata picha, na hakuna aliyewaambia washuke.

Mwenye nguvu zilizobaki anaweza kuyaunganisha matembezi ya Kaole na yale ya Bagamoyo yenyewe, ambayo ni mafupi na yana kivuli kingi zaidi. Katika Mji Mkongwe kuna boma la Wajerumani la mwaka 1897, Ngome Kongwe iliyoanza kama nyumba ya mwaka 1860, na jengo la kupumzikia misafara. Wapagazi waliofika hapa, wengi wao Wanyamwezi, walikuwa wametembea mamia ya kilomita kutoka upande wa Ujiji na Tabora, wakiwa na pembe za ndovu mabegani, na katika njia hiyohiyo waliletwa watu waliofungwa ili wauzwe. Siwezi kuandika kuhusu raha ya kutembea Bagamoyo bila kulisema hilo. Ardhi hii laini, yenye upepo mzuri, ilikanyagwa na watu ambao hawakuchagua kutembea, na ninadhani mtu mzima anayempeleka mtoto hapa ana wajibu wa kumweleza kwa lugha ya kueleweka, papo hapo, si siku nyingine.

Upande wa kaskazini wa mji ndiko iliko misheni ya mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofika kutoka Zanzibar mwaka 1868 na kuanzisha makazi ya watu waliokombolewa utumwani. Barabara ya miembe inayoelekea misheni ni mojawapo ya vichochoro vya kijani vilivyo vizuri kuliko vyote ninavyovijua nchini: mashina yamekuwa mapana na yenye magamba, matawi yamekutana juu, na hata saa sita mchana hewa chini yake ni tofauti kabisa na ile ya barabarani. Mnara wa kanisa la kwanza ungali umesimama. Hapo ndipo mwili wa David Livingstone ulipolazwa mwezi Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa miezi kadhaa kutoka kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia, alikofariki mwezi Mei 1873. Watalii wengi humkumbuka aliyebebwa. Mimi hupendelea kuwakumbuka wabebaji, kwa sababu mwendo ulikuwa wao. Karibu na hapo kuna mbuyu ambao umemeza mnyororo uliofungwa shinani zamani, na kipande kidogo tu cha chuma ndicho kinachoonekana kikitokeza kwenye gome.

Kuhusu majira, nashauri miezi ya Juni hadi Septemba, wakati kusi inavuma, jua halichomi sana na njia ni kavu. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, hugeuza mfinyanzi wa Pugu kuwa utelezi na kuleta mbu wengi kwenye mikoko. Januari na Februari zinafaa kwa anayeanza saa kumi na mbili asubuhi na kumaliza kabla ya saa nne. Raba za kawaida zinatosha, pamoja na kofia, maji lita moja na nusu kwa kila mtu, na kanga moja ambayo itatumika kama mkeka, mwavuli au shungi pale mahali patakapohitaji stara. Kwenye njia za upweke, hasa kandokando ya mikoko na ufukweni, ni vyema kwenda watu kadhaa na kuongozana na mwenyeji, ambaye pia anajua wakati wa maji kujaa na kupwa. Viingilio vilipwe kwa namba ya malipo ya serikali na risiti ichukuliwe, kwani fedha hizo ndizo zinazowalipa wanaofyeka nyasi kwenye magofu.

Sasa nizungumzie Pugu, ambako wakazi wa Gongo la Mboto na Ukonga wanaweza kufika kwa nauli ya daladala lakini ambako wengi hawajawahi kukanyaga. Vilima vya Pugu na Kisarawe si virefu. Hata hivyo, ukitoka kwenye joto la Barabara ya Nyerere na kuingia chini ya miti, tofauti ni kubwa. Msitu wa Pugu na ule wa Kazimzumbwi sasa vinasimamiwa pamoja kama hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na ni mabaki ya misitu ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki, ambayo zamani ilienea kwa upana zaidi na sasa imebaki vipande vipande. Ndani yake wamo komba wa Rondo, wanyama wadogo sana wa usiku ambao hawapatikani popote duniani isipokuwa katika misitu michache ya pwani ya Tanzania, na sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu anayechakura majani makavu. Mchana komba amelala, lakini sange anaweza kusikika akikimbia, na hondohondo hupita juu kwa kishindo cha mbawa.

Njia za hapa zina miinuko midogo, na ni vyema kwenda na askari wa misitu au mwongozaji wa hifadhi, kwa usalama na kwa elimu pia. Mwongozaji mzuri atakuonyesha msandarusi, mti ambao utomvu wake uliokauka ulikuwa bidhaa kubwa ya pwani hii ukisafirishwa kwenda kutengenezewa vanishi ng'ambo, na atakuonyesha pia visiki. Visiki ni sehemu ya habari. Jiji linapika kwa mkaa, na kwa miaka mingi sehemu ya mkaa huo ilitoka hapa hapa, kwenye msitu ulio karibu zaidi na majiko yetu. Ukitembea utaona mahali ambapo msitu umefungwa juu kama dari, halafu ghafla unafika kwenye vichaka na nyasi ambapo tanuri la mkaa liliwahi kuwaka. Hakuna maelezo ya darasani yanayofikia hatua hizo chache kati ya kivuli na jua.

Kuna jambo jingine la Pugu ambalo linanigusa sana. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima hivi. Huku juu maji yake ni vijito vyembamba ambavyo mtoto anaweza kuvivuka kwa kuruka. Maji hayo hayo hushuka, huchukua taka na majitaka ya mitaa, hupita Jangwani na kumwagika baharini karibu na Daraja la Salenda. Kila masika tunayaona Jangwani yakifunga barabara na kuingia ndani ya nyumba za watu. Msitu unaposhika mvua kwenye majani na mizizi, maji hushuka polepole. Mteremko unapoachwa wazi, hushuka yote kwa pamoja na kubeba mchanga. Nimewahi kuwaonyesha vijana wa mtaani kwetu kijito kimoja na kuwaeleza kwamba kinakwenda Jangwani, na maswali yao yalichukua muda mrefu kuliko matembezi yenyewe.

Historia ya Pugu haiko msituni tu. Mapango ya kaolini, udongo mweupe unaotumika kutengenezea vyombo vya kauri, yalianza kuchimbwa zamani za Wajerumani, na sasa yamekuwa makazi ya popo ambao jioni hutoka kwa wingi. Asiingie mtu humo bila mwongozaji na tochi. Ipo pia shule ya Pugu, iliyoitwa St. Francis, ambako Julius Nyerere alifundisha baada ya kurudi kutoka Edinburgh, hadi alipojiuzulu ualimu mwaka 1955 ili ashughulikie TANU, iliyoanzishwa tarehe 7 Julai 1954. Wazee husimulia kwamba kuna nyakati alizitembea kwa miguu zile kilomita zaidi ya 20 kati ya Pugu na mjini kwa ajili ya mikutano. Sisemi mtu afanye hivyo leo pembezoni mwa barabara yenye malori. Lakini anayetembea kilomita tatu au nne tu kwenye miteremko ya Pugu, kisha akautazama mji ukiwa umelala mbali upande wa bahari, anaelewa kwa mwili wake kazi iliyokuwa ikifanywa baada ya vipindi vya darasani.

Kwa mwenye nusu siku peke yake, Kunduchi inatosha. Magofu yako ndani ya mibuyu, karibu na kijiji cha wavuvi, yakiwa na msikiti wa kale na makaburi ya nguzo, baadhi yake ya karne ya 18. Njia ni fupi na tambarare. Ninachopenda Kunduchi ni kwamba jiwe la matumbawe lililojenga msikiti ule ndilo jiwe ambalo kwa miaka mingi wakazi wa jirani wamelivunja kuwa kokoto, kwa nyundo, wakiwa wamekaa juani pamoja na watoto wao. Ukitoka makaburini ukapita kwenye machimbo kisha ukashuka hadi wanapoanikia dagaa, umepita kwenye maisha yote ya jiwe hilo na ya watu wake ndani ya saa moja. Machimbo yenyewe yamekula ardhi nyingi, na mabwawa yaliyobaki ni ya hatari, kwa hiyo watoto washikwe mikono.

Wapo wazazi wetu ambao hata Kunduchi ni mbali kwao. Hao nawapeleka Bustani ya Botania, katikati ya jiji, iliyoanzishwa mwaka 1893 chini ya Mjerumani Franz Stuhlmann kwa ajili ya kujaribia mazao na miti ya kigeni. Ni ndogo, na imebanwa na majengo, lakini ina mitende mirefu, njia zisizo na vikwazo na mahali pa kukaa. Makumbusho ya Taifa yako jirani kabisa. Baada ya kupumzika kivulini, mwongoze mzazi wako hadi kwenye vyombo vya kauri vilivyopatikana katika miji ya kale ya pwani, kama vile Kilwa, nawe utakapofika Kaole utajua ni vyombo vya namna gani vilivyokaa ndani ya vile vishimo vya duara.